Kibadeni: Shujaa wa 1977 aliyeonja machungu ya 1993

Kwa mashabiki wa soka jijini Dar es Salaam, jina la Abdallah Kibadeni halitenganishwi na Uwanja wa Taifa uliopo Temeke, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru.

Hapo ndipo mshambuliaji huyo wa Simba alipofunga mabao matatu Julai 19, 1977, Wekundu wa Msimbazi walipoilaza Yanga 6-0.

Mwaka 1993 alikuwa kocha wa Simba katika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Ivory Coast. Baada ya suluhu mjini Abidjan, ushindi wowote nyumbani ungeleta kombe. Simba ikafungwa 2-0.

Hata hivyo, ilipita miaka 30 kabla ya klabu nyingine ya Tanzania, Yanga, kucheza fainali ya Afrika mwaka 2023.