Mkate wa mboga wa Romagna: hauhitaji tanuru, mbabula inatosha



Mkate wa dukani unataka tanuru, chachu, na fundi anayeamka usiku. Nyumbani kwetu wengi hatuna tanuru. Lakini kuna sehemu ya Italia inayoitwa Romagna, kando ya bahari ya Adriatiki, ambako wakulima wamezoea tangu zamani kupika mkate juu ya kikaango kikavu, kwa dakika chache tu. Mkate huo ukiwa mtupu unaitwa piadina. Ukiukunja ungali mbichi na kutia mboga ndani, unaitwa crescione. Upande wa mji wa Rimini wanauita cassone. Huu wa mboga njo tutaeleza leo, juu vitu vyake vingi viko tayari mashambani mwetu.

CHAKULA CHA WATU WA NUSU KWA NUSU

Wakulima wengi wa Romagna hawakuwa na udongo wao. Jamaa ililima shamba la tajiri, na wakati wa mavuno tajiri alichukua nusu. Desturi hiyo iliitwa mezzadria. Ilidumu mpaka karne iliyopita. Ni mwaka 1964 sheria ya Italia ilipokataza mapatano mapya ya namna hiyo.

Ngano ilikuwa pesa, basi ilibidi kuipima. Katika miaka mibaya mama wa nyumba alichanganya unga wa ngano na wa mahindi. Kwa kujaza tumbo alichuma mboga: majani ya bustani, na hata yale yanayoota yenyewe kando ya shamba. Neno crescione lenyewe ni jina la mboga inayoota penye maji. Mkate ukawa mfuko: unga kidogo nje, mboga nyingi ndani. Mtu alienda nao shambani bila sahani wala kijiko.

VITU VINAVYOHITAJIWA (mikate 6)

Kwa unga:
– unga wa ngano gramu 500
– mafuta ya nguruwe gramu 80, au mafuta ya kupikia vijiko 6 vya mezani
– chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
– bikarbonati nusu kijiko cha chai (si lazima)
– maji ya vuguvugu, kikombe kimoja hivi

Kwa ndani:
– lenga-lenga au mboga nyingine laini, kilo 1
– kitunguu 1, kitunguu saumu kidogo, chumvi, mafuta kidogo

Wenyewe kule wanatumia mafuta ya nguruwe, au mafuta ya zeituni. Wengine wanatia maboga na viazi vilivyopondwa, wengine viazi na nyama ya soseji, wengine tomati na fromaje. Nyumba yenye viazi na maboga haina sababu ya kununua kitu kingine.

Angalisho juu ya sombe: majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Kuyachemsha mara moja haraka hakutoshi. Ukitaka sombe, itwange na kuipika muda mrefu kama kawaida, ikauke vizuri, halafu njo uitie ndani ya mkate.

NAMNA YA KUFANYA

1. Changanya unga, chumvi na bikarbonati. Tia mafuta, usugue kwa vidole mpaka unga uwe kama mchanga. Ongeza maji kidogo kidogo.

2. Kanda dakika 10. Unga uwe laini, usishike mikono. Ufunike kwa kitambaa na uuache nusu saa. Usiruke hatua hii: unga usiopumzika unajivuta nyuma kila unapousukuma.

3. Wakati unga unapumzika, chemsha mboga dakika chache, zipoe, kisha zikamue kwa mikono kwa nguvu zote. Zikate ndogo ndogo. Kaanga kitunguu katika mafuta, tia mboga na chumvi, geuza mpaka maji yote yaishe. Ziache zipoe kabisa.

4. Gawa unga vipande 6. Sukuma kila kimoja kwa chupa au mti wa chapati mpaka kiwe duara la unene wa milimita 2 au 3, kama sahani ya kulia.

5. Weka mboga juu ya nusu moja, ukiacha ukingo wa upana wa kidole. Kunja nusu ya pili juu yake. Toa hewa kwa kiganja, kisha bana ukingo kwa meno ya uma.

6. Pasha kikaango bila mafuta. Nyunyiza unga kidogo: ukigeuka rangi polepole, moto ni sawa, ukiungua mara moja na kuwa mweusi, punguza makala. Pika dakika 3 hivi kila upande, mpaka uone madoa ya kahawia. Mwishoni simamisha mkate juu ya mgongo wake, ili mahali pa kukunjia pasibaki pabichi.

Kule Romagna kikaango hiki kinaitwa testo. Zamani kilikuwa cha udongo, na katika kijiji cha Montetiffi, juu ya vilima, wafinyanzi wangali wanavitengeneza kwa mikono. Siku hizi nyumba nyingi zina cha chuma. Kikaango chako cha chapati ni ndugu yake.

PALE UNAPOHARIBIKA

Mkate ukipasuka, karibu kila mara sababu ni maji: mboga hazikukamuliwa, au zilitiwa zingali moto. Ukiwa mgumu kama ngozi, ulipikwa kwa moto mdogo muda mrefu, ukakauka. Ukiungua nje na kubaki mbichi ndani, unga ulikuwa mnene au makala yalikuwa mengi mno.

Je, unaweza kupunguza ngano na kutia mahindi? Ndiyo, lakini usipite sehemu moja kati ya nne. Mahindi hayana ule mvuto wa ngano, na mkate uliokunjwa utakatika kwenye mgongo. Usiutumie unga huo kabla ya kuujaribu na mkate mmoja.

KABLA YA KUUZA, HESABU

Baada ya vita vya pili vya dunia, watalii walipoanza kujaa pwani ya Romagna, wamama walifungua vibanda vidogo barabarani na kupika mkate huu mbele ya mteja. Chakula cha nyumbani kikawa mshahara.

Kwetu pia mtu anaweza kufikiri hivyo, lakini aanze na kalamu. Andika bei ya unga, mafuta, chumvi na makala. Andika pia bei ya mboga, hata kama zimetoka shambani mwako: kama ungeziuza sokoni zingekupa kiasi gani? Jumlisha, gawa kwa hesabu ya mikate. Kile unachopata juu ya hapo njo malipo ya mikono yako. Kama hakuna kitu juu, pika kwa ajili ya watoto, usipike kwa kuuza. Na mkate wenye mboga ndani usilale: uuzwe siku ile ile.

JINA NALO NI MALI

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliandika jina la Piadina Romagnola katika orodha ya vyakula vinavyolindwa. Tangu hapo mkate uliofanyiwa nje ya eneo hilo hauwezi kuuzwa kwa jina hilo. Kanuni zinasema hata kipimo: ule wa Rimini uwe na upana wa sentimita 23 mpaka 30, na unene usiozidi milimita 3. Dawa za kuhifadhi zimekatazwa. Si wote walifurahi, juu kanuni hizo zinaruhusu viwanda vikubwa pamoja na vibanda vidogo, na wapishi wa mikono walisema vitu hivyo viwili si sawa.

Romagna ni nchi ya koperative pia. Mjini Ravenna, mwaka 1883, vibarua wa mashamba wakiwa na Nullo Baldini walianzisha chama chao ili wachukue kazi wenyewe bila mtu wa katikati. Mwaka uliofuata walienda Ostia, karibu na Roma, kukausha mabwawa yenye malaria.

Kwa hiyo, memba, siku ya mkutano mmoja alete unga, mwingine mafuta, wengine lenga-lenga na viazi. Pikeni mikate 6 ya kwanza, muionje, na muandike hesabu yake katika daftari ya koperative mbele ya wote.