Xeljanz: dawa ya viungo, hatari ya kansa na haki ya mgonjwa

Wandugu, sisi wa agronomia tunafundishwa kusoma etiketi mbele ya kupuliza shamba. Dawa ya kumeza ni vilevile. Xeljanz ya Pfizer iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa baridi yabisi. Katika utafiti wa wagonjwa wa miaka 50 na zaidi, wenye hatari ya moyo kama sigara ao tansheni, 4,2 kwa mia walipata kansa; kwa waliotumia dawa za kundi lingine, 2,9. Septemba 2021, FDA ikadai onyo kali.

Kule mgonjwa anaweza kushitaki kampuni kama haikumuonya vya kutosha. Atahitaji kuonyesha alimeza lini, kansa ilionekana lini, na etiketi ilisema nini wakati ule. Muda wa kushitaki unabadilika jimbo kwa jimbo.

Uko na mzazi kule anayeimeza? Mwambie atunze ordonansi. Akipata kansa, aone avoka mapema. Lakini asiiache mbele ya kuongea na munganga wake.