Ushahidi wa Mpishi: Petina Gappah, kutoka Sheria hadi Riwaya

Utangulizi

Tarehe 22 Machi 1866, manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin ilifika kwenye mlango wa Mto Ruvuma, kusini mwa Msimbati. David Livingstone alikuwa anaanza safari yake ya mwisho, akiwa na watu wake pamoja na ngamia, nyati na punda. Mikoko na matope viliwazuia kuwashusha wanyama hao, kwa hiyo tarehe 24 walishukia Mikindani. Sehemu ya pwani hiyo imo leo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Habari hizi zinajulikana kwa sababu Livingstone aliweka shajara. Lakini Chuma, Susi na Amoda, walioshuka pamoja naye, walisemaje walipoiona mikoko ile? Hakuna aliyeliandika neno lao. Swali hili la nani husema na neno la nani huandikwa ni la kisheria kabla halijawa la kifasihi. Ndiyo maana inafaa kuieleza kazi ya mwanasheria Petina Gappah, ambaye riwaya yake ya mwaka 2019, Out of Darkness, Shining Light, inahusu mwisho wa safari iliyoanzia katika pwani hii.

Njia ya mwanasheria

Gappah alizaliwa Zambia mwaka 1971 na kukulia Zimbabwe. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, akaendelea Cambridge, kisha akapata shahada ya uzamivu katika sheria ya biashara ya kimataifa huko Graz, Austria. Alifanya kazi Geneva, kwanza katika Shirika la Biashara Duniani, na baadaye katika kituo kinachozipa nchi zinazoendelea ushauri wa kisheria kuhusu mashauri ya shirika hilo.

Aina hiyo ya kazi ina funzo kwa mwanaisimu. Shirika hilo lina lugha rasmi tatu tu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hasara aliyoipata mkulima wa Afrika, hata akiieleza vizuri namna gani kwa lugha yake, haiwi dai mpaka mtu mwingine aiandike katika mojawapo ya lugha hizo na kwa umbo linalokubalika. Asiyekuwa na mtu wa kumwandikia hana dai.

Gappah aliingia katika bunilizi akiwa bado mwanasheria. Mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi, An Elegy for Easterly, ulitoka mwaka 2009 na kupata tuzo ya gazeti la Guardian kwa kitabu cha kwanza. Mwaka 2015 ilifuata riwaya The Book of Memory, ambayo msimulizi wake ni mwanamke aliyehukumiwa kifo, anayeandika maisha yake akiwa gerezani. Rotten Row, mkusanyo wa hadithi wa mwaka 2016, umepewa jina la mtaa wa Harare zilipo mahakama za jinai, na mojawapo ya hadithi zake imeandikwa kwa umbo la hukumu. Ni dhahiri kwamba mwandishi huyu hakuiacha sheria alipoanza kutunga. Alihamisha maswali yake kutoka kwenye majalada na kuyapeleka mahali ambapo hata asiye na wakili anaweza kusikilizwa.

Kumbukumbu na waliosahauliwa

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo mwili ulizikwa Westminster Abbey, London. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari huko Nasik, India, na aliyejiunga na msafara mwaka 1872, alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Yeye alijua kuandika na aliweka shajara yake kwa Kiingereza. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, na simulizi yao ikaandikwa na Horace Waller, mhariri wa shajara za Livingstone, naye pia kwa Kiingereza.

Halima, mke wa Amoda, hakuhojiwa. Alikuwa mpishi wa Livingstone na alikuwa mtumwa. Mwaka 1872 Livingstone alimsifu katika shajara yake kwa uangalifu na uaminifu, akaandika kwamba atampa uhuru, na kwamba watakapofika Unguja atamnunulia nyumba na bustani. Livingstone hakufika Unguja akiwa hai.

Ahadi ni deni, lakini katika sheria deni huhitaji uthibitisho. Aliyetoa ahadi hii amekufa, karatasi iliyoitaja imo mikononi mwa wengine na imeandikwa kwa lugha isiyo ya mdai. Mwanahistoria anaweza kuitaja ahadi hiyo kwa sentensi moja na kupita. Mwanasheria huona hapo shauri ambalo halijapata kusikilizwa. Gappah anamweka Halima kuwa msimulizi wa kwanza, na tamaa yake ya kuwa na nyumba yake mwenyewe inaisukuma simulizi. Jacob anafuata kwa umbo la shajara. Hivyo msomaji anawekewa mashahidi wawili wa tukio moja, mmoja wa mdomo na mwingine wa kalamu, naye ndiye anayepaswa kupima.

Kiswahili cha Halima

Hapa ndipo suala linapowagusa wanataaluma wa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya mawasiliano katika misafara ya wakati huo. Katika riwaya, Halima humwita Livingstone Bwana Daudi, lakini simulizi yake tunaisoma kwa Kiingereza. Mtu anaweza kusema kwamba mpishi amenyimwa lugha yake kwa mara ya pili. Hoja hiyo ina uzito, ila isielekezwe kwa Gappah peke yake. Yeye ni mzawa wa Kishona, na lugha hiyo ameihudumia: mwaka 2023 ilitoka Chimurenga Chemhuka, tafsiri ya Animal Farm kwa Kishona aliyoshirikiana na waandishi wenzake.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi sauti za nani? Tippu Tip, mwenye misafara mikubwa, aliacha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. James Mbotela, mzao wa watumwa waliokombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Katika orodha hiyo mwenye msafara yumo, msafiri yumo, na mwana wa aliyekombolewa yumo. Mwanamke aliyepika chakula cha msafara hayumo. Pengo hilo halikuletwa na Kiingereza. Limo katika maktaba yetu wenyewe.

Hitimisho

Bunilizi si ushahidi, na Halima wa riwaya si Halima aliyeishi. Anachoweza kufanya mtunzi ni kuonyesha kiti cha shahidi kilichoachwa wazi. Gappah amekionyesha kiti hicho kwa sababu taaluma yake ya kwanza ilimzoeza kuuliza ni nani hakuitwa. Kumrudishia Halima Kiswahili chake, kwa tafsiri, kwa utunzi mpya, au kwa kukusanya masimulizi ya wanawake wa pwani kuanzia Msimbati hadi Bagamoyo, ni kazi ya wale wanaoimiliki lugha hiyo. Shauri bado liko wazi.