Msuko, Mhusika na Kinaya: Kuisoma Habari ya Uria

Wanafunzi wa theolojia huzoea kuyaona maneno msuko, mhusika, mgogoro na kinaya kuwa ni mali ya darasa la fasihi, yasiyohusiana na mimbari. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata sura ya 11 na ya 12 za Kitabu cha Pili cha Samweli, kwamba mhubiri asiyeyajua aweza kuisoma habari yote na bado asimwone Uria.

Msuko ni jinsi matukio yanavyofungamana kwa sababu na matokeo. Kusema kwamba mfalme alibaki Yerusalemu, kisha askari wake akafa vitani, ni kutoa taarifa tu. Msuko huanza tunapotambua kwamba askari alikufa kwa sababu mfalme aliyebaki nyumbani alikuwa na jambo la kuficha. Mgogoro ndio mvutano unaousukuma msuko huo. Nao hapa ni wa ajabu, kwa maana Uria hajui kwamba ana ugomvi na mtu.

Mhusika hujulikana kwa matendo kuliko kwa sifa anazopewa. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alimwita waziri mmoja Majivuno, na msomaji akajua la kutazamia. Mwandishi wa Samweli hafanyi hivyo. Hasemi kwamba Uria ni mwaminifu. Anatuonyesha amelala mlangoni pa mfalme, akikataa kwenda kwake wakati sanduku la agano na wenzake wamo vibandani.

Kinaya ndicho kinachotatiza zaidi, kwa kuwa wengi hukichanganya na kejeli. Kejeli ni maneno ya kubeza. Kinaya ni hali ambayo mambo yalivyo yanapingana na yanavyodhaniwa, na mara nyingi msikilizaji hujua lile asilolijua mhusika. Uria anaubeba kwa mkono wake waraka unaoamuru afe. Hapo hapana mzaha hata kidogo. Daudi naye, akighadhibika kwa ajili ya mwana-kondoo wa maskini, anajihukumu mwenyewe.

Lakini kinaya kikubwa kuliko vyote ni kwamba Uria ni Mhiti. Mgeni anaishika heshima ya vita vya Bwana, na mfalme wa Israeli anaivunja. Tuichukue habari hii hadi Litapunga, mkoani Katavi. Kata hiyo imo katika Halmashauri ya Nsimbo, pamoja na makazi ya Katumba yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Msikilizaji wa huko hahitaji kufafanuliwa maana ya kuendelea kuitwa kwa asili yako baada ya kuitumikia nchi miaka mingi. Hata hivyo mahubiri mengi (nasi tumewahi kuhubiri hivyo) hulipita upesi neno hilo ili yafike kwenye uzinzi. Nathani hakulipita. Alipomkabili Daudi alimtaja marehemu kwa jina na kwa asili yake, mara mbili, katika aya ya 9 na ya 10 za sura ya 12.