Kisha Inakwenda Wapi?

Leo mjomba wenu hasimulii. Leo inasimulia chupa. Haya, nyamazeni, isikilizeni.

"Mimi ni chupa ya plastiki. Nilitengenezwa kubeba maji ya kunywa. Mkulima mmoja wa hapa Mbwawa, Kibaha, akaninunua, akanywa maji yote, kisha akanijaza dawa ya mikorosho. Akanifunga kizibo. Akaniweka rafuni, jirani na mafuta ya kula. Tangu siku hiyo sina amani. Kila mtoto akipita na kiu natamani kupiga kelele: Usininywe! Lakini mimi mdomo wangu ni wa kumiminia tu, kusema siwezi."

Mmesikia? Chupa haina kosa. Dawa nayo ina kazi yake: mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, maua yanakauka na korosho hupati. Kosa ni kuihamisha dawa. Kwenye chombo chake ilikuwa na jina, maelezo na picha ya fuvu la kichwa. Kwenye chupa ya maji imekuwa maji. Kwa hiyo anayetaka kupunguza sumu nyumbani aanzie hapo, na hatatoa hata shilingi: dawa ikae kwenye chombo chake, ifungiwe, mbali na chakula na mbali na mikono midogo kama hiyo yenu. Na chupa iliyokwisha kubeba dawa haibebi tena maji ya kunywa. Hata ikioshwa? Hata ikioshwa mara mia.

"Mjomba, si tuimwage tu hiyo dawa?"

Ahaa! Swali zuri hilo, nilikuwa nalingoja. Ukiimwaga, inaingia ardhini. Kisha inakwenda wapi?

Hapa hapa Kibaha kuna mahali panaitwa Vikuge, penye shamba la serikali la nyasi za mifugo. Mwaka 1986 uliletwa pale mzigo kutoka Ugiriki: tani 170 za dawa za kuua wadudu. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Eti ni msaada! Ndani ya mzigo huo mlikuwa na dawa iitwayo DDT. Zikawekwa kwenye banda lililo wazi. Banda likaanguka. Mvua ikanyesha juu ya dawa, msimu baada ya msimu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda miaka mingi baadaye kupima udongo, waliikuta dawa bado imo.

"Mbona mvua haikuisomba?"

Mwanangu, una akili wewe. Nenda kachungulie sufuria iliyopikiwa mchuzi wa nazi na binzari. Mimina maji baridi, suuza, mwaga. Maji yametoka, manjano imebaki imeng'ang'ania mafuta. DDT ndivyo ilivyo. Maji haiyapendi, mafuta inayapenda. Mvua inapita, yenyewe inabaki na udongo. Kuku akichakura, anadonoa udongo pamoja na mdudu. Kisha inakwenda wapi? Kwenye mafuta ya kuku na kwenye yai. Ng'ombe akila nyasi zenye vumbi hilo, kisha inakwenda wapi? Kwenye maziwa. Na yai na maziwa, kisha vinakwenda wapi? Mnacheka, lakini jibu mnalijua.

Mswisi aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, Paul Müller, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Msimcheke. Dawa yake iliua chawa na mbu, watu wengi wakapona. Ila swali letu, kisha inakwenda wapi, lilichelewa kuulizwa. Mwaka 1962 mama mmoja wa Marekani, Rachel Carson, aliliuliza katika kitabu kizima, na wenye viwanda wakamkasirikia sana. Anayeuliza sana huwa hapendwi na muuzaji. Ninyi ulizeni tu.

"Basi vyandarua vyenye dawa tuvitupe?"

La hasha! Malaria si ya kufanyia mzaha. Dawa ya chandarua ni kidogo, imeshikwa na uzi, na iliigwa kutoka kwenye ua la pareto, lile linalolimwa Iringa na Mbeya. Laleni ndani yake. Ila msikifue mtoni wala bwawani, maana samaki hawaiwezi dawa hiyo. Kifueni kwenye beseni, maji yake yamwagwe chooni.

Jikoni nitapita haraka, mama zenu wanapajua kuliko mimi. Mkaa msiuwashe kwa plastiki. Moshi ule unaishia kifuani mwa anayepika. Jiko lenye makaa lisilale chumbani na watu. Na dawa ya kung'arisha nguo isichanganywe na ile kali ya kusafishia choo, hutoka gesi ya kukaba koo. Sabuni ya kipande, maji na dodoki vinatosha kazi nyingi.

Sasa mbu. Kabla hamjapuliza dawa ya kopo chumba kizima, zungukeni uani. Kifuu kina maji? Mwaga. Ndoo mbovu? Geuza. Kiluilui asipopata maji, mbu hapatikani, na dawa hainunuliwi.

Na dimbwi kubwa lisilomwagika je? Kwa hilo Kibaha ina kiwanda, kimejengwa kwa teknolojia ya Cuba na kufunguliwa mwaka 2015. Ndiyo, Kibaha ile ile ya Vikuge! Mle ndani wanakuza bakteria wa kuua viluilui. Mmoja wao aligunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, Israel. Anatengeneza kijipunje kidogo sana. Kiluilui akikila, kinayeyuka tumboni na kumtoboa utumbo. Mimi naipenda dawa ya namna hii, inayomjua mtu wake.

"Mjomba, na kuku wetu akinywa maji ya dimbwi hilo? Kisha inakwenda wapi?"

Umeuliza bila kuambiwa! Tumbo la kiluilui lina magadi mengi, na kijipunje kile huyeyuka kwenye magadi. Tumbo la kuku lina asidi, na lako pia. Kikifika huko hakitoboi utumbo. Haya, inukeni, nyuma ya banda la kuku nimeona tairi limejaa maji.