Goma: Tronsonezi ambayo mnyororo wake hausimami, hatari kwa wapasuaji mbao wa Mugunga

Mashini imewaka, kidole kimeachia gazi, lakini mnyororo unaendelea kuzunguka. Kwa wanaopasua mbao na kukata miti ndani ya mtaa wa Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma kwenye barabara ya Sake, kasoro hiyo inaonekana ndogo. Wengi wanaizoea na kuendelea na kazi. Ndiyo inayoweza kumkata mtu mguu siku asiyokuwa anakata kitu.

Kazi ya tronsonezi haikosi Goma. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na nyumba nyingi, hasa pembezoni, ni za mbao. Baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021, familia nyingi zilianza upya kwa mbao. Mbao hizo zinatoka katika mikaratusi ya Masisi na katika misitu ya Walikale, ambako magogo yanapasuliwa hapo hapo kwa mashini ya mkono.

Mtu anapokata, macho yako kwenye mnyororo na miguu imesimama vizuri. Anapohama kutoka gogo moja kwenda lingine, mashini ikiwa ralanti, anatazama njia. Akiteleza kwenye jiwe, mnyororo unaozunguka unakutana na paja au goti. Kwa sababu hiyo watengenezaji wanaagiza mnyororo usimame kabisa wakati wa ralanti.

Unazunguka kwa sababu gani?

Kati ya moteri na mnyororo kuna ambrayaji. Ina vipande vya chuma vilivyofungwa na resori. Moteri ikienda polepole, resori zinavibana ndani. Ukikanyaga gazi, mwendo unavisukuma nje, vinashika ngoma, na mnyororo unaenda. Kwa hiyo mnyororo ukizunguka bila gazi, kuna mambo mawili: ama moteri inakimbia kupita kiasi, ama ambrayaji haiachii.

Kabla ya kufungua kitu, hakikisha mashini haikubaki kwenye gazi ya kuwashia. Gusa gazi mara moja, iachie, na uone kama inarudi chini. Angalia pia kama waya au kifyatulio cha gazi hakikwami kwa vumbi la mbao, kisha safisha filtre ya hewa.

Baada ya hapo, acha moteri ipate moto kwa dakika chache. Weka mashini chini mahali tambarare, mnyororo usiguse kitu, na watoto wakae mbali. Tafuta visi ya ralanti, ambayo kwenye mashini nyingi ina alama ya T au LA. Izungushe polepole kuelekea kushoto mpaka mnyororo usimame na moteri ibaki inawaka vizuri. Kanyaga gazi, achia: mnyororo ukisimama upesi, kazi imeisha.

Visi ikishindwa

Moteri ikizimika kabla mnyororo haujasimama, tatizo liko kwenye ambrayaji. Resori imekatika au imelegea, vipande vimekwama kwa uchafu, au beringi ya ngoma imekauka. Resori zinabadilishwa zote pamoja. Fundi akumbuke kwamba kwenye mashini nyingi ambrayaji inafunguliwa kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha visi za kawaida.

Moteri ikikimbia yenyewe, na ikichelewa kushuka ukiachia gazi, huenda inavuta hewa mahali isipotakiwa: mpira ulio kati ya karburateri na silinda umepasuka, au visi zimelegea. Hapa kushusha ralanti peke yake ni kuficha ugonjwa. Katika moteri hizi, mafuta ya kulainisha yanaingia pamoja na esansi. Hewa ikizidi, esansi inapungua na mafuta nayo yanapungua, mpaka pistoni inakwama. Watengenezaji wengi wanaomba mililita 100 za mafuta ya moteri hizo kwa lita 5 za esansi.

Jambo lingine ni milima yetu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, vilima vya Masisi vinapita 2,000, na misitu ya Walikale iko chini zaidi. Juu hewa ni nyepesi. Mashini iliyorekebishwa Masisi ikishushwa Walikale inapata hewa nyingi kuliko esansi, ralanti inapanda, na mnyororo unaanza kuzunguka. Mtu anaweza kudhani imeharibika, kumbe inahitaji kurekebishwa upya huko huko.

Wengine wanafunga breki ya mnyororo na kuacha mashini ikiwaka hivyo. Breki inasaidia wakati wa kuwasha, lakini si dawa ya kasoro hii: ambrayaji itasugua ngoma mpaka iungue.

Mpaka itengenezwe, kanuni ni moja: kama mnyororo hausimami, mashini haifanyi kazi. Na hata ikiwa nzima, zima moteri kabla ya kuhama. Kuivuta tena kamba kunachukua sekunde chache. Mguu uliokatwa unaweza kuiacha familia nzima bila mtafutaji.