Mtalii ni nani, mwalimu?

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, nilipanda juu ya paa la jumba la ghorofa ninamoishi mtaani Umoja ili kuanika nguo. Nilipotupa macho kaskazini, kupita mapaa ya Kariobangi na Dandora, niliuona Mlima Kenya umejitokeza wazi, vilele vyake vimechongoka kama meno. Ni nadra moshi na vumbi la Eastlands kutujalia neema hiyo. Haikunishangaza kwamba mwaka wa 2021, picha ya mlima huo iliyopigwa kutoka Nairobi ilipoenea, wengi walishikilia kuwa ni ya kubuni.

Siku iyo hiyo nilikuwa na somo la utalii. Nikatoa mfano wa Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya iliyobanwa baina ya Uchina na Uhindi. Nchi hiyo ilianza kupokea watalii mwaka wa 1974, na tangu hapo imependelea wageni wachache walipao sana kuliko wengi walipao kidogo. Mwaka wa 2022 ilipandisha ada yake hadi dola 200 za Marekani kwa kila usiku, kisha mwaka wa 2023 ikaipunguza hadi dola 100. Aidha, tangu 2003 imepiga marufuku kabisa ukweaji wa milima yake mirefu, kwa heshima ya imani za wenyeji. Hakuna binadamu aliyewahi kufika kilele cha Gangkhar Puensum, chenye urefu wa mita 7,570.

Msichana mmoja aketiye nyuma akainua mkono. "Mwalimu, umetufunza kwamba mtalii ni mgeni atuleteaye fedha za kigeni. Je, mimi nikienda Mlima Kenya nitaitwa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, nami sijaukanyaga mlima huo. Nikauliza ni nani aliyewahi kufika hata kwenye lango la Naro Moru. Kati ya wanafunzi hamsini na watatu, hakuna aliyeinua mkono.

Ziara zetu, walimu wenzangu, tunazijua: makumbusho, wanyama wa jijini, na mwaka wa neema, Mombasa. Mlima tumewaachia wageni, ilhali Kisoi Munyao alipeperusha bendera ya taifa pale Lenana mwaka wa 1963, na maji yake huingia katika Mto Tana, ambao mabwawa yake ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yangali yanatupa sehemu ya umeme tuusomeao usiku. Mtoto wa Kayole hukariri majina ya mabwawa hayo kwa ajili ya mtihani, kisha akayasahau.

Sipuuzi gharama. Bhutan haiwatozi raia wake ada ile, na hata kwetu mwananchi hulipa kidogo langoni kuliko mgeni. Kinachotushinda ni nauli, mavazi ya baridi na ujira wa mwongozaji. Lakini ni nani aliyesema lazima kila mwanafunzi afike Lenana, mita 4,985 juu? Kutembea mchana mmoja katika msitu wa mianzi kungetosha kwa kuanzia. Wala hatuna muda mrefu wa kusitasita: barafu ya Lewis, iliyopimwa na wataalamu kwa miongo mingi, imekwisha kuyeyuka sehemu kubwa, na huenda wanafunzi hawa wakawa wa mwisho kuiona kwa macho.

Nimewaandikia wazazi, nikawaomba wachange kidogo kidogo kila juma hadi likizo ya Agosti. Baadhi wameniuliza kama hiyo imo katika mtihani. Hata hivyo, hadi ninapoandika haya, majina thelathini na moja yamo daftarini. La kwanza ni la msichana yule, na la mwisho ni langu.